Dawa ya Damu

Ahero
9 Machi 1986

Nalini dada yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu baada ya kimya kirefu hivi. Nimesikia kwa watu wa Kisumu kwamba Profesa Gurcharan amezeeka na amekuachia jarida lake, lile linalochapa mawazo ya madaktari kabla hayajathibitishwa. Nilifurahi. Kisha nikaogopa, kwa sababu mimi nina wazo, na tangu nijue kwamba mhariri ni wewe limekataa kunyamaza.

Nakuandikia Kiswahili kama tulivyokuwa tukipitishiana vikaratasi darasani, wewe ukiacha Kigujarati chako nyumbani nami Kijaluo changu. Kiingereza nitakitumia kwenye makala. Kiingereza ni cha kuwaonyesha wakubwa, na leo sitaki kumwonyesha mtu kitu.

Unajua hapa palivyo. Mvua ikianza, mto Nyando unavunja kingo, mashamba ya mpunga yanajaa, na mbu wanakuwa na nchi yao. Kwenye wadi yangu watoto wanalala wawili wawili, na karibu wote wamepungukiwa na damu. Mama anamvuta mtoto kope la chini, ananionyesha, anasema, "Daktari, remo orumo." Damu imeisha. Nami nafanya nilivyofundishwa: nampa dawa ya damu, ile sharubati nyeusi yenye madini ya chuma, anarudi nayo nyumbani.

Sasa sikiliza. Wengine wanapata nguvu, sikatai. Lakini wapo wanaorudishwa baada ya muda mfupi wakiwa na degedege, malaria imepanda kichwani, na mara nyingi ni wale waliokunywa dawa bila kukosa, watoto wa akina mama waangalifu. Watoto ambao chupa yao ilisahauliwa juu ya kabati nakutana nao sokoni. Wamepauka, miguu kama fito, lakini wanakimbia.

Mama mmoja wa huku Kano aliniletea chupa tupu ili nione kwamba amemaliza yote. Alikuwa anajivunia. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, shingo imeanza kukaza. Tulimzika kabla ya Jumapili.

Nadhani kupungua kwa damu si ugonjwa peke yake. Kijidudu cha malaria hakizaani bila chuma. Mwili ukivamiwa unaficha chuma chake, kama vile mtu anavyoficha mahindi akisikia wezi wamelala kijiji cha jirani. Halafu sisi madaktari tunakuja na kijiko, tunayamwaga mahindi uani.

Sina maabara. Nina macho, na macho yanadanganya. Nikikuletea makala, utaichapa bila jina langu?

Wako,
Perez Anyango


Ngara, Nairobi
27 Machi 1986

Nyamera Perez, dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikasahau kuingia ndani. Mama yangu Sarla aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia ni Perez, yuko hai, na bado anaandika herufi zake zikiegemea kushoto. Anakusalimu.

Wazo lako linatisha, na ndiyo sababu nalitaka. Lakini acha nikuulize swali ambalo wengine watakuuliza kwa kejeli. Je, huenda yule mama ni mwangalifu kwa sababu mtoto wake ameshazidiwa? Mwenye mtoto anayecheza anaweza kusahau chupa. Mwenye mtoto anayezimia hasahau. Huenda si dawa iliyomrudisha mtoto kwako. Ni ugonjwa uleule uliomfanya mama awe mwangalifu.

Kuhusu jina: hapana. Profesa alikuwa akisema kwamba wazo halilazimiki kuwa kweli ili lichapwe, lakini lazima liwe na mwenyewe, mtu wa kuulizwa. Lisilo na mwenyewe ni uvumi. Tena siku hizi hapa mjini karatasi isiyo na jina ni kesi. Watu wanachukuliwa kwa sababu ya vikaratasi vilivyosukumwa chini ya mlango. Mchapaji wangu wa River Road anasoma kila ukurasa mara mbili kabla ya kuwasha mashine, hata makala juu ya mawe ya figo.

Fikiria vizuri. Msalimie dada yako Seline na binti yake Adero. Je, amekwisha kuota meno ya mbele?

Nalini


Ahero
20 Aprili 1986

Nalini,

Swali lako lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Nimelizungusha kila upande. Sijui. Inawezekana ni kama ulivyosema. Kulijibu kunahitaji mtu awagawe watoto kwa bahati, hawa wapewe chuma, hawa wasipewe, awaangalie wote kwa jicho moja. Mimi sina uwezo huo. Wenye uwezo hawatafanya mpaka mtu awaulize kwa sauti.

Nilijaribu kuuliza hapa kwanza. Nilimwendea Daktari Waliaula, mkuu wetu wa hospitali. Ni mtu mwema, unapaswa kujua hivyo kabla sijakueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari Perez," akasema, "wafadhili wanaleta sharubati ya wilaya nzima. Kila mtoto chini ya miaka mitano. Waziri anakuja kuzindua. Unataka niwaambie kwamba watoto wetu wanafaidika kwa kukosa damu?"

"Nataka tungoje tupime."

"Apime nani?"

"Sijui," nikasema. Akainuka akafunga mlango, na aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata mimi nimewaona hao watoto wa degedege," akasema. "Lakini nina watoto chuoni, na nina mshahara wa serikali. Usiniletee jambo hili tena kwa maandishi."

Nalini, sikuogopa aliponikatalia. Niliogopa aliponikubalia.

Basi makala hii hapa, na jina langu juu yake. Ninakuomba kitu kimoja: usiiguse aya ya mwisho. Ndani yake nimesema kwamba hili ni wazo tu, halijapimwa, na mtu yeyote asibadilishe matibabu ya mtoto yeyote kwa ajili yake. Aya hiyo ikitoka, toa yote.

Adero ana meno manne na anauma kila mtu.

Perez


Ngara, Nairobi
2 Septemba 1986

Nyamera,

Imetoka. Nakutumia nakala kwa mkono wa binamu yangu anayekuja Kisumu kwenye harusi, kwa maana siiamini posta. Aya ya mwisho iko kama ulivyoiandika, hakuna nukta iliyohamishwa.

Nitakuambia ukweli: mchapaji alipofika kwenye makala yako alinipigia simu. "Mama, hii inasema dawa ya serikali inaua watoto?" Nikamwambia haisemi hivyo, inauliza. "Wanaokuja kuchukua watu," akasema, "hawajui alama ya kuuliza."

Lakini ameichapa. Wasomaji wetu ni wachache, nusu yao wako ng'ambo. Huenda isisomwe na mtu, na mimi na wewe tutabaki na woga wetu bure.

Nalini


Ahero
19 Oktoba 1986

Nalini,

Imesomwa.

Gazeti moja limeweka kwenye ukurasa wa mbele: DAKTARI: DAWA YA DAMU INAUA. Chini wameandika jina langu, hospitali, na habari ya mahindi na wezi. Aya ya mwisho hawakuiweka. Si kwamba waliifupisha. Haipo kabisa.

Siku ya uzinduzi waziri hakuja. Akina mama walikuja, wengi kuliko tulivyowahi kuwaona, na chupa walizopewa zamani, wakazimwaga langoni moja baada ya nyingine. Udongo pale bado ni mweusi. Mmoja alinishika mikono akalia, akasema mimi ndiye daktari pekee anayewapenda. Nilitaka kukimbia.

Na hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Watu wanasema "dawa ya damu," na kila mtu anaelewa anavyoelewa. Juzi mzee mmoja alikataa mjukuu wake awekewe damu. Mtoto alikuwa anahema kama mbwa aliyekimbizwa.

"Mzee," nikamwambia, "hii si ile dawa. Hii ni damu yenyewe, ya mtu."

"Daktari, si ni wewe uliyeandika kwamba mtoto akiongezwa damu anakufa?"

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wadi mbele ya wauguzi wote. Ndipo akakubali. Mtoto amepona. Lakini siwezi kupiga magoti katika kila zahanati ya Nyanza.

Halafu wanaume wawili walikuja kutoka Kisumu, suti safi, viatu safi, katika matope haya. Waliuliza nani amenilipa. Waliuliza kama nilikuwa nasoma vitabu fulani chuoni. Waliuliza juu yako: Mhindi huyo ni raia wa wapi, na pesa za jarida zinatoka nchi gani. Hawakupaza sauti hata kidogo. Walipoondoka mmoja alinirekebishia kola ya koti, kama mama anavyomrekebisha mtoto wa shule.

Usiniandikie tena hospitalini. Andika kwa Seline, Pap Onditi, kwa sanduku la posta la shule ya msingi. Anauza mtama sokoni, hakuna anayemwangalia.

Perez


Ngara, Nairobi
8 Novemba 1986

Kwa Perez, kwa mkono wa Seline

Nyamera,

Walikuja na kwangu. Walikunywa chai. Walimwuliza Mama kama anapenda Kenya. Mchapaji amerudisha kazi yangu yote na ufunguo wa stoo, hataki hata nimsalimu njiani. Nitapata mwingine.

Sasa nisikilize, maana kuna na mazuri. Nimepokea barua kutoka kwa madaktari wa mbali. Mmoja anafanya kazi kwenye kambi za njaa, anasema amewaona watoto walewale: walipolishwa na kupewa chuma, malaria iliyokuwa imelala ikaamka. Mwingine anakupinga kwa kurasa nyingi, lakini anakupinga kwa heshima. Perez, wanabishana! Kuna watu wanaolala wakifikiria swali ulilouliza kutoka Ahero.

Ndiyo maana lazima tujihadhari. Watakutaka ukanushe. Wakikubana, tia sahihi, jiokoe, mimi sitakulaumu. Ila tuelewane: ikinijia barua ya Kiingereza, iliyopigwa kwa taipu, nitajua kwamba si moyo wako, na sitaichapa. Ukitaka kuniambia neno lako mwenyewe, andika Kiswahili, kwa mkono.

Nijibu kwamba umeipata hii.

Nalini


Ngara, Nairobi
30 Januari 1987

Mpendwa Mama Adero,

Mimi ni Nalini, rafiki wa dada yako. Nakuandikia wewe kwa sababu Perez hanijibu, na hospitalini nimeambiwa kwa simu kwamba hayupo, bila maelezo.

Wiki hii nimepata barua yenye sahihi yake. Ni ya Kiingereza, imepigwa kwa taipu, mistari michache. Inasema anaiondoa makala yake yote, na inaniomba niitangaze habari hiyo ukurasa wa kwanza. Nimeielewa kama tulivyopatana. Mwambie asiwe na wasiwasi. Sikuichapa, na sitaichapa, hata wanifungie ofisi. Tayari nimeandika kwa rafiki zetu ng'ambo kwamba daktari mmoja wa Kenya amelazimishwa kukana mawazo yake, na wameahidi kupiga kelele.

Naomba tu uniambie: yuko wapi? Wamemshika? Anakula? Je, naweza kutuma kitu?

Mbusu Adero kwa niaba yangu. Siku moja nitakuja nione hayo meno.

Nalini


Pap Onditi
15 Februari 1987

Dada Nalini,

Salaam. Kiswahili yangu si ya kitabu kama yenu, utanivumilia.

Perez hajashikwa na mtu. Ile barua aliandika yeye mwenyewe. Alitumia mashine ya ofisi kwa sababu mkono ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika kalamu. Alisema ni ya Kiingereza kwa sababu ni ya kuchapwa. Hiyo barua yako ya Novemba bado iko kwangu, nimeifungua leo tu. Ilifika tukiwa na mgonjwa, halafu tukawa na matanga, hakuna mtu alikuwa anaangalia barua.

Adero alikufa Desemba.

Nitakuambia vile ilikuwa, ndio usiandikie watu wa ng'ambo mambo ambayo si ya kweli. Mwaka jana, kabla hata gazeti, Perez alikuja hapa kwangu, akaona ile chupa ya dawa ya damu, akaimwaga. Akaniambia, Seline, usimpe huyu mtoto dawa ya damu, hata kama ni mimi mwenyewe nitaandika kwa karatasi. Sijui kama alikuambia hiyo. Nadhani hakukuambia.

Desemba Adero alishikwa na homa. Nilimbeba mpaka hospitali. Perez hakuwa, wale watu wa suti walikuwa wamemwita Kisumu kwa ofisi yao, walikuwa wanamkalisha kwa benchi kutoka asubuhi mpaka jioni na hawamwulizi kitu. Daktari Waliaula ndiye aliona mtoto. Akasema, "Mama, huyu anataka damu sasa hivi." Mimi nikasema hapana. Nikasema dada yangu ni daktari hapa, ngojeni arudi. Na watu walikuwa wanasema pia kuna ugonjwa mpya inaingia na damu. Yule daktari alinibembeleza, akaniita mama yangu, mama yangu. Nikashika mtoto nikakataa.

Perez aliporudi Adero alikuwa ameshapoa mikononi mwangu. Aliniuliza kitu moja tu, "Walimwekea damu?" Nikamwambia, "Nilikataa, kama ulivyosema." Akakaa chini kwa simiti. Hakulia. Mimi ndiye nilimwinua.

Sasa serikali imemhamishia zahanati moja upande wa Lodwar, mbali sana. Alienda bila kubisha.

Umeniita Mama Adero. Watu hapa bado wananiita hivyo, siwakatazi. Chapa ile barua yake, dada. Hapa sokoni bado wanawake wananiuliza kama wakubali damu.

Seline


Ngara, Nairobi
1 Machi 1987

Kwa Perez, Seline akijua njia ya kuifikisha

Perez,

Nimeichapa, ukurasa wa kwanza, peke yake. Nimeipeleka pia kwa lile gazeti. Wameiweka ndani, karibu na matangazo ya vifo, lakini wameiweka.

Mwezi mzima nilitembea kifua mbele kwa sababu ya barua niliyoikataa. Nilikuwa nimekwisha kukutengenezea jela kichwani mwangu, na nilijiona shujaa ninayekulinda. Wakati huo wanawake wa Pap Onditi walikuwa wakingoja neno lako, nami nimelifungia kwenye droo.

Sijui niseme nini juu ya Adero. Nimeanza sentensi hiyo mara nyingi.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Nalini


Ngara, Nairobi
11 Juni 1994

Perez,

Sijui kama anwani hii ya Lodwar bado ni yako. Miaka yote hii nimekutumia kadi kila Diwali na kila Krismasi, na hakuna iliyorudishwa, kwa hiyo nimejiambia kwamba zinafika.

Safari hii si kadi. Kuna daktari kijana, Nakhungu, amepanga nyumba Kisian pamoja na wenzake, karibu na ziwa. Wanafanya utafiti wa malaria ya watoto. Alikuja ofisini kwangu na jarida letu la zamani chini ya kwapa, kurasa zimeanza kung'oka. Alikuwa amesoma makala yako, na barua ya kuiondoa. Akaniuliza, "Aliiondoa kwa sababu alijua kwamba amekosea?"

Nikamwambia, "Aliiondoa kwa sababu mtoto alikufa."

"Hilo si jibu la swali langu," akasema. Nilimchukia kidogo. Kisha nikaona kwamba ni swali ambalo ungeuliza wewe.

Wanataka kulipima wazo lako. Wana maabara na kibali, na wazee wa vijiji wamekubali. Wanataka uwe nao, maana anasema hakuna anayewajua akina mama wa huko kama wewe. Nilimwambia hutakubali. Nakuandikia ili ukatae mwenyewe.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama yule Perez ameandika.

Nalini


Kisian
22 Septemba 1996

Nalini dada yangu,

Kadi zako zote zilifika. Nilizipanga ukutani zahanatini, wagonjwa walidhani nina ndugu wengi. Pole sana kwa Mama Sarla. Sikuandika kwa sababu kila neno nililowahi kuliweka kwenye karatasi lilikuwa limeniogopesha, hata salamu.

Kama ulivyosikia kwa Nakhungu, nilikuja. Sikuwa jasiri. Nilikuja kwa sababu woga wa kutojua ulikuwa umenichosha kuliko woga mwingine wowote. Mwanzoni nilikuwa nikiinua kila chupa kwenye mwanga kabla ya kumpa mama, bure tu, kwa maana hata sisi hatukujua chupa ipi ina chuma na ipi ina maji matamu. Mama mmoja aliniuliza, "Daktari, hii ni nzuri au mbaya?" Nikamwambia bado hatujui, na kwamba akitaka kuacha aache, hakuna atakayemkasirikia. Alinitazama kama mtu aliyekutana na mwendawazimu mpole. Kisha akakubali.

Sasa tumefungua majibu. Nakuambia kabla ya wengine, kwa Kiswahili, kwa mkono.

Nilikuwa na nusu. Mtoto mwenye malaria iliyojificha mwilini akipewa chuma, anaumwa zaidi. Msimamizi aliyeshika siri ya chupa aliona hivyo waziwazi, na upande huo wa utafiti ukasimamishwa kabla haujatuletea msiba. Lakini mtoto aliyepimwa, akatibiwa malaria kwanza, kisha akapewa chuma, ananawiri. Si kwamba mwili unaficha chuma na tuuache ufe nacho. Ni suala la kipi kitangulie. Waliomwaga chupa zote walikosea, na waliompa kila mtoto bila kumpima walikosea. Nami nimo katika makundi yote mawili.

Nakhungu anataka kuchapa kwako kwanza, halafu kwenye majarida makubwa. Weka jina langu. Weka pia jina la Daktari Waliaula mahali pa shukrani. Amestaafu, ni mgonjwa, na alikuwa sahihi siku ile ambayo mimi sikuwapo.

Jumamosi nilikwenda Pap Onditi kumweleza Seline kabla hajasikia redioni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mtama. Aliniletea kigoda, akaendelea na kazi. Nilimweleza yote polepole, kwa Kijaluo, bila neno hata moja la hospitali.

Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo nusu ilikuwa kweli na nusu haikuwa."

"Ndiyo."

"Na Adero alikuwa nusu gani?"

Nalini, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ya madaktari wa dunia. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, ingawa nilipaswa. Na jibu ninalo. Nimekuwa nalo tangu siku tulipofungua majibu. Adero alikuwa na homa zake zilizojificha. Kuimwaga ile chupa huenda hakukumdhuru, huenda hata kulimpa miezi ya ziada. Kilichomuua ni damu aliyoikosa siku ile, na aliyeikataa si mimi. Sayansi imeniondolea mzigo, dada. Imeubeba vizuri, kwa mikono miwili, na imeusimamisha mbele ya mlango wa Seline, inangoja nibishe hodi.

Ni kweli kwamba alikataa kwa sababu yangu. Lakini yeye hataisikia sehemu hiyo. Atasikia moja tu, kwamba aliyekataa ni yeye.

Nikamwambia, "Sijui."

Neno hilo nimelisema maisha yangu yote, kwako, kwa Waliaula, kwa wale wanaume wa Kisumu, kwa akina mama wa chupa, na kila mara lilikuwa kweli. Jumamosi lilikuwa uongo kwa mara ya kwanza.

Seline alisimamisha ungo. Aliniangalia kama anavyomwangalia mteja anayesema mtama una mchanga. Halafu akauinua tena ungo, akageukia upande unakotoka upepo, na makapi yakaanza kuruka.

"Kaa ule," akasema. "Kuna omena."

Nikakaa.

Perez